Pendulamu Ndani ya Nyambizi

Sisi tunaopima mvutano wa dunia hatuhofii jua wala mvua kama tunavyohofia barabara mbovu. Gravimita, kifaa chetu cha kupimia, huisafirisha nikiwa nimeipakata, uzito wake wa ndani nimekwisha kuufunga usicheze, na hata hivyo dereva akivamia tuta moja tu, vipimo vya asubuhi nzima huingia shaka. Kwa hiyo namheshimu sana Felix Vening Meinesz wa Uholanzi, aliyepima mvutano huo baharini.

Alianzia nchi kavu, miaka ya 1910, akitumia pendulamu: mvutano ukizidi, hubembea upesi zaidi. Lakini udongo wa Uholanzi ni laini, na kifaa kilitikisika hata pale kilipokaa juu ya ardhi. Akakaa na hesabu. Pendulamu mbili zinazofanana, zikibembea kwa kupishana kwenye fremu moja, husukumwa sawasawa na mtikisiko wa ubavuni. Toa mwendo wa moja kwenye mwendo wa nyingine, mtikisiko unajifuta, mvutano unabaki. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya.

Kupanda na kushuka kwa mawimbi, hata hivyo, hakufutiki kwa hesabu hiyo. Mhandisi van Iterson akampa wazo: tumia nyambizi, maana chini ya maji mawimbi hufifia. Mwaka 1923 Vening Meinesz akaondoka na nyambizi K II kwenda Java kupitia Suez. Baadaye akaunda kifaa chake cha pendulamu tatu, ya katikati ikilinganishwa na kila moja ya pembeni. Mtu mrefu wa karibu mita mbili, amejikunja katika chumba chembamba, akisubiri miali ya mwanga ichore mwendo wa pendulamu kwenye karatasi ya picha.

Kazi hiyo ikafichua ukanda mwembamba kando ya Sumatra na Java ambako mvutano umepungua mno. Leo tunajua kuwa huko bamba la sakafu ya bahari linazama chini ya visiwa. Mwaka 1934 alisafiri tena, na nyambizi K XVIII, akaizunguka Afrika kwa kusini hadi Surabaya huko Java. Miaka hiyohiyo Edward Bullard wa Cambridge alikuja na pendulamu kupima mvutano katika Bonde la Ufa letu hapa Afrika Mashariki.

Vijana mnaoanza kazi hii, isomeni hesabu ya pendulamu mbili kabla hamjashika gravimita.