Chombo cha Kuonea Ndani ya Mishipa ya Damu

Neno mshipa lina kazi nyingi katika Kiswahili. Ni njia ya damu, ni neva, ni ukano. Na katika mwambao wa Tanga, mzee wa Mwera, wilayani Pangani, asemapo kuwa ana mshipa, wasikiao huelewa ngiri au busha, wala hawafikiri habari ya moyo. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila atakaye kueleza kwa Kiswahili historia ya chombo kidogo kitazamacho ndani ya mishipa ya damu.

Historia hiyo ina mikondo mitatu. Wa kwanza ni wa mrija. Katika mwaka wa 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa mji wa Eberswalde, Ujerumani, alijipenyeza mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka ukafika moyoni, kisha akaenda kwa miguu kwenye chumba cha eksirei ili picha iwe ushahidi. Wakubwa wa utabibu walimbeza. Lakini mwaka wa 1956 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioiendeleza kazi ile. Hata hivyo, eksirei ilitoa kivuli tu: upana wa njia ya damu ulionekana, bali hali ya ukuta wake ilifichika.

Mkondo wa pili ni wa nyuzi za kioo. Mwaka wa 1954 Abraham van Heel wa Uholanzi, na Harold Hopkins na Narinder Kapany wa London, walitangaza namna ya kupitisha picha katika fungu la nyuzi zipindikazo. Ikabaki shida moja: damu huzuia nuru, kama maji ya mto yaliyojaa tope yafichavyo mchanga wa chini.

Mkondo wa tatu ulianza mwaka wa 1991, David Huang, James Fujimoto na wenzao huko Massachusetts walipoeleza jinsi ya kupima nuru irudipo kutoka ndani ya nyama, mfano wa mwangwi. Baadaye uzi mmoja wa kioo ulitiwa katika mrija wenye unene wa karibu milimita 1. Damu husukumwa kando kwa maji maangavu kwa sekunde chache. Uzi huzunguka huku ukivutwa nyuma, na tabaka za ukuta huonekana kwa vipimo vinavyokaribia sehemu ya mia ya milimita.

Matibabu ya moyo kwa njia ya mirija sasa hufanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Basi mgonjwa wa Mwera aweza kuambiwa huko kwamba mshipa wake umeziba, akaitikia, na huku akilini mwake ana ugonjwa mwingine kabisa. Idhini itolewayo hivyo si idhini. Hapana haja ya kulitupa neno la wazee. Lililo lazima ni kulikamilisha kila mara: mshipa wa damu wa moyo.