Kwa Nini Makipa wa NHL Walichelewa Kufunika Nyuso

Usiku wa 1 Novemba 1959, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso Jacques Plante, kipa wa Montreal Canadiens. Alishonwa nyuzi saba, kisha akamwambia kocha wake, Toe Blake, kwamba harudi golini bila barakoa ya faibaglasi aliyokuwa akiivaa mazoezini. Blake hakuitaka, lakini alikubali, na Montreal wakashinda 3–1. Wapenzi wa hoki ya barafuni husimulia usiku huo kama kisa cha ubunifu wa mtu mmoja. Ukweli wake, kwa maoni yangu, uko kwenye ajira. Makipa wa kulipwa wa Amerika Kaskazini walikuwa na njia ya kulinda nyuso zao miaka mingi kabla ya hapo. Walichokosa ni nguvu ya kumkatalia mwajiri.

Kifaa chenyewe kilikuwepo. Mwaka 1927 Elizabeth Graham, kipa wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Kingston, Kanada, alidaka akiwa amevaa barakoa ya mchezo wa kupigana kwa upanga. Yeye hakuwa na mkataba wa kupoteza. Mwaka 1930 Clint Benedict wa Montreal Maroons alivaa ya ngozi baada ya kuumizwa vibaya usoni na shuti la Howie Morenz, akaiacha upesi kwa sababu ilimzuia kuona. Baada yake, kwa karibu miaka 30, ligi kuu ya NHL ikaendelea na makipa wa uso mtupu, wakati kile kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito wa takriban gramu 170, kikiwavunja pua na mataya. Terry Sawchuk, mmoja wa makipa bora waliowahi kucheza, alishonwa nyuzi zinazokadiriwa kufika 400.

Ili kuelewa uvumilivu huo, tuangalie hesabu ya nafasi za kazi. Kuanzia 1942 hadi 1967 NHL ilikuwa na timu sita tu, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho kila timu ilimtegemea kipa mmoja. Nafasi sita, basi, na nyuma yake vijana wengi wa ligi ndogo wakingoja mmoja aumie au aonekane mwoga. Mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake. Hakuweza kwenda kwingine kwa hiari yake. Ted Lindsay wa Detroit alipowaongoza wenzake kuunda chama cha wachezaji mwaka 1957, aliuzwa Chicago, na chama kikasambaratishwa na wenye timu. Mnyonge hana haki, na kipa aliyelalamikia maumivu alijua hatari ya kupoteza kazi yake. Glenn Hall alicheza mechi 502 mfululizo bila barakoa, na alijulikana kwa kutapika kabla ya mechi. Sioni namna ya kuuita utaratibu huo wa kiungwana.

Plante aliweza kukataa kwa sababu mizani ilikuwa imeelemea upande wake. Timu yake ilikuwa imetwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mara nne mfululizo naye akiwa golini. Zaidi ya hayo, timu ngeni haikusafiri na kipa wa pili: mbadala alikuwa mtu wa akiba aliyewekwa na wenyeji, kwa kawaida wa ridhaa. Blake angemkatalia Plante, angemkabidhi lango mtu wa aina hiyo.

Wapo wanaosema makocha walikuwa na hoja ya haki: barakoa hupunguza upeo wa macho, na kipa asiyeogopa kuumia huzembea. Kuhusu ile ya Benedict, hoja ya macho ni kweli. Kuhusu barakoa ya Plante, iliyotengenezwa na Bill Burchmore kwa kufuata umbo la uso wake, matokeo yalizijibu hoja hizo. Machi 1960 Blake alimwomba aivue kwa mechi moja dhidi ya Detroit, wakafungwa 3–0. Mechi moja haithibitishi jambo, lakini akiwa ameivaa tena walishinda mechi zote nane za mtoano na kutwaa kombe la tano. Wengine husema mashuti yaliongezeka ukali miaka ya 1950, wapigaji walipozoea kuinua gongo juu kabla ya kupiga, ndiyo maana barakoa ikahitajika wakati huo. Ukali uliongezeka, sawa. Ila mfupa wa Benedict uliovunjika mwaka 1930 ulivunjika vilevile.

Angalia pia lini wengine walifuata. Sawchuk aliivaa 1962, lakini wengi walisubiri. Kati ya 1965 na 1967 timu zilianza kulazimika kuwa na makipa wawili, ligi ikapanuka hadi timu 12, na chama cha wachezaji kikasimama. Nafasi zilipoongezeka, woga ulipungua: Hall mwenyewe alivaa barakoa mwaka 1968, akiwa St. Louis, moja ya timu mpya. Wa mwisho kudaka NHL bila barakoa alikuwa Andy Brown wa Pittsburgh, Aprili 1974.