Kutu Iliyoilinda Sanamu ya Uhuru

Siku ilipozinduliwa katika bandari ya New York, tarehe 28 Oktoba 1886, Sanamu ya Uhuru haikuwa ya kijani. Iling'aa wekundu wa dele jipya la kahawa. Mchongaji wake, Mfaransa Frédéric Auguste Bartholdi, aliivika mabamba ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 tu, huku mhandisi Gustave Eiffel akiisimamishia mifupa ya chuma kwa ndani.

Hewa ndiyo iliyoanza kuibadilisha. Oksijeni iliila shaba juu juu, ngozi ikawa ya hudhurungi, kisha ikazidi kuwa nyeusi. Moshi wa makaa ya mawe wa jiji ulibeba salfa; salfa hiyo ilipokutana na unyevu ikazaa utando wa kijani ambao hauyeyuki kwa mvua. Chumvi ya bahari nayo iliongeza yake. Bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, hupitia njia hiyohiyo, mradi iwe nje. Bamba la bronzi lenye shairi la Emma Lazarus kuhusu sanamu hiyo liliwekwa mwaka 1903 ndani ya jukwaa la sanamu, mvua isikofika, nalo halikupata kijani cha mwenzake aliye juu.

Kufikia 1906 kijani kilikuwa kimetanda sanamu nzima, na wakubwa wakaingiwa na hofu. Waliona kutu, na kutu kwao ilikuwa uharibifu. Bunge la Marekani likaidhinisha dola 62,800 za matengenezo, pamoja na kuipaka rangi ndani na nje. Wananchi wakaja juu. Wahandisi wa jeshi walipoichunguza wakakuta utando ule unaikinga shaba iliyo chini yake, tena umelainisha sura ya sanamu. Rangi ikapakwa ndani peke yake.

Kumbe adui alikuwa huko ndani. Chuma kikigusana na shaba penye unyevu, kinacholiwa ni chuma. Eiffel alilijua hilo, akatenganisha metali hizo mbili kwa asbesto, lakini kinga hiyo ilichakaa. Chuma kikashika kutu, kikavimba, kikazisukuma ribiti zilizoshikilia mabamba hadi zikang'oka.

Katika ukarabati mkubwa wa miaka ya 1980, mafundi waliondoa rangi ya ndani kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, kisha wakapuliza unga wa bikaboneti ya soda kutoa lami iliyokuwa chini ya rangi hiyo. Sehemu ya unga huo ilipenya kwenye nyufa na kuacha madoa nje; yaani hata usafi wa ndani uliigusa ile ngozi. Vyuma vya Eiffel vilivyoshikilia mabamba vilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu, na mwenge uliokuwa ukivuja ukatengenezwa upya kwa shaba na mwali wake kufunikwa dhahabu. Shaba ya kijani waliiacha ilivyo, kwani katika karne nzima ilikuwa imepungua unene kidogo sana.