Mtungi mmoja kwa kila mtu? Historia ya foleni ya majina mtandaoni

Wasee, nilipoacha chuo niliamua kontenti ndiyo itakuwa kazi. Kitu cha kwanza nilichotaka ni jina la chaneli yangu, liishie .com. Kumbe lilikuwa na mwenyewe, ila alikuwa ameacha kulilipia. Nikapiga hesabu. Jina la .com likishafutwa na msajili wake, linakaa siku 30 likimngoja mwenyewe alikomboe, halafu siku 5 za mwisho, kisha linakuwa la yeyote anayewahi. Siku ikafika. Saa tatu usiku niko saiba hapa Garissa, nabonyeza tu. Jina likaenda. Kesho yake nikalikuta linauzwa kwa dola ambazo sijawahi kuzishika.

Nilidhani shida ni intaneti yetu. Nilipoanza kusoma ndiyo nikajua hata ningekuwa na faiba ya Nairobi, bado ningepigwa.

Tuanze na kitu sote tunakijua. Ni kiangazi, lori la maji limefika mtaani. Mzee anasema mtungi mmoja kwa kila mtu. Sheria poa, si ndiyo? Lakini boma lenye watoto kumi linatuma wote kumi, na mama anayeishi peke yake anaondoka na mtungi mmoja. Mgao unahesabu mikono iliyo kwenye foleni. Kiu hauihesabu.

Majina ya mtandaoni yamepitia hiyo hiyo. Mpaka 1995 kusajili .com ilikuwa bure. Septemba mwaka huo kampuni ya Marekani, Network Solutions, ikaanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. ICANN, shirika linalosimamia majina haya duniani, likaundwa 1998, na kuanzia 1999 kampuni nyingi zikaruhusiwa kuyauza. Mwaka 2000 VeriSign ikainunua Network Solutions, ikawa ndiyo inashika daftari la .com. Majina matamu yakaanza kuisha, watu wakageukia yaliyoachwa. Mwaka 2001 kompyuta za wasajili zilituma maombi mengi mpaka mfumo wa VeriSign ukalemewa. Ikabidi waweke mgao: kila msajili mwenye kibali cha ICANN apewe idadi ile ile ya njia za kuingilia.

Mtungi mmoja kwa kila mtu. Unaona hii inaenda wapi?

Wajanja wakaongeza watoto. Kampuni moja inaanzisha kampuni nyingine za karatasi, kila moja na kibali chake. Mwaka 2016 DropCatch ya Marekani iliongeza vibali 500 kwa mpigo. Ada ya kibali kimoja ilikuwa dola 4,000 kwa mwaka, kwa hivyo vibali hivyo vipya tu ni dola milioni 2 kila mwaka, ili upate mikono 500 zaidi kwenye foleni. Na walahi, hakuna sheria iliyovunjwa. Mimi nilikuwa na mkono mmoja, tena umechoka.

Norway walijaribu njia nyingine. Mpaka 2001 shirika moja lilipata jina moja tu la .no. Baadaye yakawa 15, na leo shirika linaweza kuwa na 100, mtu binafsi 5. Inawezekana kwa sababu kila shirika lina namba yake kwenye daftari la serikali, kwa hivyo kujigawa si rahisi. Kwetu Kenya .ke ilianza 1993, na KENIC ikaundwa 2002 kuisimamia. Sisi tuliweka milango: go.ke ni ya serikali, ac.ke ni ya vyuo. Kwenye co.ke, anayewahi ndiye anapata.

Kwa hivyo mgao wowote unasimama juu ya swali moja: wewe ni nani, na umehesabiwa mara ngapi? Hilo swali watu wa North Eastern wanalijua kuliko VeriSign.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991, hapa hapa Garissa. Ukame ulipopiga, Wakenya wengi walienda kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate kadi ya chakula. Njaa haiulizi uraia. Watoto waliandikwa, wengi wakachukuliwa alama za vidole. Miaka ikapita, wakafika 18, wakaenda kuomba kitambulisho. Vidole vikatokea kwenye daftari la wakimbizi. Wakakataliwa. Ni maelfu ya watu.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini kuondoa ule msasa wa ziada tuliokuwa tunapitishwa kupata kitambulisho. Nilifurahi. Lakini msasa ni jambo moja, na vidole vilivyo kwenye daftari lingine ni jambo lingine.

Mwishowe nilichukua jina tofauti, la co.ke. Nililipa kwa M-Pesa, kwa laini iliyosajiliwa na kitambulisho changu. Binamu yangu, ambaye ndiye hunishikia kamera, hana laini yake. Aliandikwa kambini akiwa mdogo, kwa ajili ya unga.

Kampuni moja imehesabiwa zaidi ya mara 500 na mfumo umesema sawa. Binamu yangu amehesabiwa mara moja, kwenye daftari lisilo lake, na anaambiwa hayupo. Siku nyingine mtu akikwambia mgao ni haki kwa sababu kila mtu anapata kimoja, muulize kwanza nani ameandikwa kuwa mtu.