Waliobeba Mizigo ya Wengine: Ukurasa wa Historia ya Kusini Yetu

Ndugu zetu mlioko nyumbani na mlioko mbali, kila mwaka kabrasha hili huwa na ukurasa wa historia. Tumekwisha kuandika juu ya bandari, juu ya reli ya karanga na juu ya minazi ya Msimbati. Mwaka huu kamati iliamua tuandike juu ya watu waliowahudumia wengine huku Kusini kwa sababu ya imani yao ya Kikristo. Hatukukubaliana upesi. Mzee wetu mmoja, Mwislamu kama tulivyo wengi wa mwambao huu, aliuliza kama kabrasha letu sasa limekuwa la kanisa. Lilikuwa swali la haki. Tulimjibu kwamba tunachangisha fedha za wodi ya wazazi, na hakuna anayeweza kusimulia habari za hospitali za Kusini akawaruka watu hao. Akasema, basi andikeni, lakini msifiche kitu. Tumejaribu kumtii.

Tuanze mdomoni mwa Ruvuma, maana ndipo mambo yalipoanzia. Machi 1861 meli ndogo ya mvuke iitwayo Pioneer iliingia mtoni. Ndani yake walikuwemo David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina la UMCA. Walitaka kufika Ziwa Nyasa kwa njia ya mto. Anayeijua Ruvuma hahitaji kuambiwa yaliyowapata: maji yalipungua, mchanga ukajitokeza, wakageuza meli kabla ya kufika mbali. Wakazunguka kwa njia ya mto Zambezi na Shire, na huko, mwezi Julai, wakakutana na msafara wa watumwa waliofungwa minyororo na magogo shingoni. Wakawafungua. Miongoni mwa waliofunguliwa alikuwemo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862, na miaka miwili baadaye misheni ikahamia Zanzibar.

Chuma ndiye tunayetaka mmkumbuke. Livingstone alimchukua hadi Bombay, akasoma huko na kubatizwa kwa jina la James. Machi 1866 Livingstone alirudi kwenye mdomo wa Ruvuma, na Chuma akiwa pamoja naye. Mikoko haikuwapa nafasi ya kushusha ngamia, nyati na punda waliokuja nao, wakapanda kaskazini hadi Mikindani. Pale Mikindani ipo nyumba yenye kibao kinachosema kwamba Livingstone alikaa hapo. Hatutagombana na kibao. Ila tungependa siku moja kiongezwe kingine chenye jina la Chuma, kwa sababu yeye naye alishuka ufukwe uleule, na habari zake baada ya hapo zinatuhusu zaidi.

Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma, mwenzake Susi na wengine wangeweza kumzika na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Februari 1874. Njiani wenzao kadhaa walikufa. Walipofika hawakupata shukrani kubwa. Mwili ulipopakiwa melini kwenda Uingereza, Chuma na Susi waliachwa pwani. Ni rafiki mmoja wa Livingstone aliyewalipia nauli baadaye, wakafika huko mazishi yamekwisha.

Baada ya hapo Chuma aliongoza misafara ya misheni iliyokuwa ikipanda bara kutoka Lindi. Hapa ndipo historia ya Masasi inapoanza. Oktoba 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na watu wapatao 55, wanaume na wanawake, waliokuwa wameokolewa katika majahazi ya watumwa na kukaa Mbweni. Nia yao ilikuwa kurudi kwao, upande wa ziwa. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali, waliona ardhi nzuri na maji, wakakaa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla.

Tufikirie kidogo hali ya watu hao 55. Kila mmoja alikuwa ameuzwa na binadamu mwenziwe. Wengi walikuwa wamepita njia hizihizi wakiwa wamefungwa, kuelekea Kilwa na bandari nyingine za pwani. Sasa walirudi juu ya njia ileile, wakafyeka, wakajenga, wakafundisha watoto wa watu ambao baadhi yao, au baba zao, walikuwa wamefanya biashara ile. Vitabu vya misheni vinamtaja Steere, kisha Padri William Johnson, kisha Padri Chauncy Maples, na hao walistahili kutajwa. Lakini shule ya kwanza ya bara letu hili ilisimama juu ya mabega ya watu waliokuwa watumwa. Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua, wakateka na kuchoma. Waliosalia walitawanyika, na sehemu ya kazi ikahamia Newala kwa Matola, sultani wa Kiyao aliyewapokea. Masasi ilijengwa upya baadaye. Chuma alikufa Zanzibar mwaka uleule wa 1882, angali mtu wa makamo.

Katika waliofuata tunamchagua mmoja. Cecil Majaliwa naye alikuwa Myao aliyetekwa utotoni. Aliachwa huru Zanzibar, akasoma Kiungani, akapelekwa Uingereza katika chuo cha Canterbury, na mwaka 1886 akapewa ushemasi na kutumwa Chitangali, kwa sultani Barnaba Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Akakaa Chitangali hadi 1897, yeye na mkewe, mbali na Mzungu yeyote wa kumwelekeza. Alikuwa mwalimu, padri na mpatanishi wa magomvi, na aliweza kukaa barazani na wazee akazungumza lugha yao. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto alirudi akiwa na kitabu, akaishi miongoni mwa watu wake bila kudai fidia yoyote.

Mzee wetu alituambia tusifiche kitu, kwa hiyo na hili tuliseme. Kazi ya Majaliwa ilizaa kiasi cha kuwafanya wakubwa wake wenyewe wamfikirie kwa madaraka makubwa zaidi, lakini mlango haukufunguka. Alirudi Zanzibar, na kwa miaka mingi baadaye mapadri Waafrika walibaki chini ya Wazungu, hata pale walipowazidi kwa umri na kwa kuijua nchi. Jimbo la Masasi lilianzishwa 1926, lakini Mwafrika wa kwanza kuliongoza akiwa askofu wake, Hilary Chisonga, alikuja kushika nafasi hiyo mwaka 1968, aliyemtangulia, Trevor Huddleston, alipoondoka. Tangu Majaliwa alipopewa upadri ilikuwa imepita miaka 78.

Upande wa Wakatoliki kulikuwa na doa jingine. Wabenediktini walikuja wakati mmoja na utawala wa Kijerumani, na wananchi hawakuona sababu ya kuwatenganisha. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani akielekea bara, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Sista Walburga Diepolder alipotea porini wakati wa kukimbia Nyangao, hakuonekana tena. Upande wetu tulizika wengi mno kupita hesabu: jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Kwa hiyo masista walioingia Ndanda, misheni iliyoanzishwa 1906, waliingia katika nchi iliyojaa yatima na makaburi mapya. Wangeweza kuja na kinyongo. Walikuja na dawa.

Habari za Ndanda mnazijua, hatutazirefusha. Karibu kila ukoo wa huku una mtu aliyezaliwa, aliyepasuliwa au aliyefia pale, na hakuna aliyeulizwa mlangoni kama anakwenda msikitini au kanisani. Tunataka tu kumtaja Sista Thekla Stinnesbeck, daktari aliyefika miaka ya 1920 akatibu huko kwa miongo mingi, na wagonjwa wa ukoma wa Mwena, ambao ndugu zao wenyewe waliogopa kuwagusa.

Na Lulindi. Mwaka 1935 kijana wa Kiingereza, daktari wa upasuaji Leader Stirling, alikuja kufanya kazi ya UMCA. Hospitali aliyoikuta na kuijenga ilikuwa ya udongo na nyasi. Alipasua watu humo. Aliona mapema kwamba daktari mmoja hawezi kuitibu nchi nzima, akawafundisha vijana wa hukuhuku uuguzi, na hilo ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko upasuaji wake wote. Mwaka 1949 alijiunga na Kanisa Katoliki, akahamia Mnero. Baadaye akawa Mtanzania, akawa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Mwalimu Nyerere. Ilikuwa miaka ile serikali ilipokuwa ikipeleka zahanati na vituo vya afya vijijini. Waziri aliyezisimamia alijua kwa mikono yake mwenyewe maana ya kumpasua mtu kijijini.

Tukisoma habari hizi kwa pamoja tunaona kitu kimoja kilichomgusa hata mzee wetu aliyetupinga. Alisema kwamba katika dini yake sadaka iliyo bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Padri mmoja mstaafu, mwanakamati mwenzetu, akacheka akasema maneno hayo na kwao yamo. Kikao kilichelewa kuisha siku hiyo, lakini hakuna aliyenung'unika.

Sasa tuje kwetu. Mama wa vijiji vya karibu na mdomo wa Ruvuma akishikwa na uchungu usiku, njia yake ni bodaboda hadi barabara kuu, kisha gari kama limepatikana, hadi Ligula. Wakati wa masika udongo mweusi hushika magurudumu na safari huwa ndefu kuliko uchungu. Wapo waliojifungulia njiani. Wapo ambao hatukuwawahi, na majina yao hatuyaandiki hapa kwa sababu waume zao na mama zao watasoma kabrasha hili. Zahanati yetu ina muuguzi na ina chumba kimoja. Wodi ya wazazi ilianza kujengwa kwa nguvu za wananchi: mchanga tulibeba, matofali tulifyatua, kuta zimefika kwenye linta. Hapo ndipo zilipokomea.

Kinachohitajika ni bati, mbao, milango, tangi la maji na umeme wa jua, pamoja na vitanda viwili vya kujifungulia. Hesabu kamili ya mweka hazina iko ukurasa unaofuata, na stakabadhi za mwaka jana zimeambatishwa ili asiwepo wa kuuliza fedha zilikwenda wapi. Kwa walioko nyumbani, tumekubaliana katika mkutano mkuu kwamba kila mkulima atatoa kiasi kidogo kwa kila kilo ya korosho atakayouza mnadani msimu huu. Kwa walioko Dar es Salaam, Zanzibar na ng'ambo, fomu ya ahadi iko nyuma ya kabrasha. Mafundi wameahidi kuezeka kabla mvua za Desemba hazijaanza, iwapo bati zitafika.

Mzee wetu alikuwa wa kwanza kujaza fomu. Alikataa jina lake lisomwe kwenye orodha.