Bwawa la Kiboko na Jina la Mwindaji

Mwezi Oktoba, kabla mvua za vuli hazijafika, barabara ya Mombasa hupita katikati ya Makueni iliyokauka, vichaka vikiwa vimepukutisha majani. Kilomita zipatazo 160 kutoka Nairobi, ghafla kuna bwawa la Kiboko: maji matulivu, ndege tele, migunga yenye magome ya manjano. Maji ya Kiboko yanatoka mbali. Miamba ya volkano ya Chyulu hunywa mvua huko vilimani na kuitoa chini kwa chemchemi, hapa na Makindu, Umani hadi Mzima. Lakini wengi hupaita mahali hapa Hunter's Lodge, na masimulizi ya wageni huridhika na hilo: J. A. Hunter, Mskoti, mwindaji hodari, alijenga nyumba ya wageni kando ya maji, akazeekea hapo, akafa mwaka 1963. Masimulizi hayo yameacha lililo kubwa. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, mtu huyo aliua vifaru 996 katika nchi ya Makueni, akiwa kazini kwa serikali.

Sababu iliyotolewa ni kwamba Wakamba walihitaji ardhi. Vichaka vilikuwa na mbung'o, ilibidi vifyekwe, na wafyekaji hawangeweza kufanya kazi penye vifaru. Hunter mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1952, alijiuliza kama ilistahili kuangamiza wanyama wa ajabu namna ile kwa ajili ya ekari chache za watu wanaozidi kuongezeka. Swali hilo husifiwa kama toba. Mimi nalikataa, kwa kuwa linahamishia lawama kwa uzazi wa Wakamba. Kweli, udongo wa Machakos, wilaya yao, ulikuwa umemomonyoka vibaya, na mifugo ilikuwa mingi kuliko malisho. Lakini malisho yalipungua kwa sheria: vilima vya Mua vilikuwa mashamba ya walowezi, na uwanda wa Yatta ulihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mwaka 1938 serikali ilipotwaa ng'ombe kwa nguvu ili wauzwe, Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kulalamika. Alihamishiwa Lamu kifungoni, lakini upunguzaji wa lazima ulisitishwa. Mashamba ya walowezi hayakuguswa, ng'ombe wa Wakamba walikuwa wametetewa na wenyewe. Akabaki kifaru, asiye na wa kumsemea.

Kuna atakayesema kwamba familia zilizohamishiwa Makueni zilipata pa kulima, na kwamba Hunter alikuwa mtumishi tu. Yote mawili nayakubali. Ndiyo maana sitaki aliyebeba bunduki abebeshwe hatia peke yake, wala wahamiaji wapya waliofyeka vichaka kwa mikono yao waonekane ndio waliomla kifaru. Uamuzi ulitoka mezani Nairobi, na waliouandika hawatajwi popote kando ya maji haya.

Yaliyofuata ni mafupi. Makueni ilikatwa kutoka Machakos kuwa wilaya mwaka 1992, ikawa kaunti mwaka 2013. Vifaru wa Tsavo Magharibi, ng'ambo ya Chyulu, walianza kulindwa ndani ya uzio wa Ngulia katika miaka ya 1980. Mahali penye bwawa bado panaitwa kwa jina la mwindaji.