Shule ya Mpala na Padri wa Kwanza wa Kongo

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tumezoea kusema kwamba mambo yetu yote ya kale yalitoka kwa Tippu Tip na misafara yake. Kwa habari ya Kiswahili chetu ni kweli: kilifika kwa njia ile ile ya pembe na watumwa, toka Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, mpaka Kabambare na Kasongo. Lakini tukitaka kujua mapadri wa nchi hii walianzia wapi, yatupasa kuirudia njia hiyo mpaka ziwani, pale Mpala.

Mpala ilianza kuwa boma, wala si shule. Mbelgiji Émile Storms alilijenga mwaka 1883, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kadinali Lavigerie. Wanyonge walikuja kujificha humo kwa hofu ya kukamatwa. Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, alifika mwaka 1887 ili kuwalinda kwa bunduki. Mahali pa namna hiyo, nani angefikiri kufundisha Kilatini?

Monsenyori Victor Roelens alifikiri. Aliwekwa kuongoza vikariati ya Kongo ya Juu mwaka 1895, na kabla karne haijaisha vijana walikwisha kuanza masomo ya upadri pale Mpala. Wazungu wengi wa siku zile hawakusadiki kwamba Mwafrika aweza kuyamaliza. Na wazazi nao walikuwa na neno lao: mtoto wa kiume asiyeoa, nani atalishika jina la ukoo? Swali hilo si la kipumbavu, na hata leo twalisikia katika nyumba zetu.

Masomo yalikuwa marefu mno: Kilatini miaka na miaka, kisha falsafa, kisha teologia. Seminari ndogo ilihamia Lusaka (si ule mji mkuu wa Zambia, bali misioni ya huku kwetu Kongo), na seminari kubwa ikawa Baudouinville, paitwapo leo Moba. Kijana mmoja wa Marungu, Stefano Kaoze, alivumilia yote. Tena, alipokuwa angali mseminari, mwaka 1910 na 1911, maandiko yake juu ya akili na tabia za Wabantu yalipigwa chapa Ubelgiji, katika gazeti la Revue Congolaise. Basi yule waliyedhani hawezi kujifunza ndiye aliyewafundisha wao, kwa Kifaransa chao wenyewe.

Tarehe 21 Julai 1917 Monsenyori Roelens alimpa daraja takatifu ya upadri. Siku hiyo alikuwa peke yake, wa kwanza katika Kongo yote ya Wabelgiji. Wako wanaosema: miaka karibu ishirini ya shule, padri mmoja tu! Sisi twaona hesabu hiyo haifai. Yawapasa kuwahesabu pia waliompata wa kumfuata.

Hata hivyo mambo hayakwenda mbio. Kaoze alifariki mwaka 1951. Mwaka uliofuata Kasongo ikawa vikariati, chini ya Monsenyori Richard Cleire, Padri Mweupe. Mwaka 1959 ikawa jimbo. Mwaka 1966 ndipo Kasongo ilipopata askofu Mkongomani, Monsenyori Timothée Pirigisha Mukombe.